Walituita Wakaidi Kabla ya Kuhesabu

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 pale Mangina, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua ni 3,470. Waliokufa ni 2,287. Kwa karibu miaka miwili hiyo, kila mkubwa aliyeshuka kwenye gari lenye bendera akaulizwa kwa nini ugonjwa haukatiki Beni na Butembo, jibu lilikuwa tayari mdomoni: watu wa huku ni wakaidi. Hawaamini. Wanaficha wagonjwa wao. Wanakimbia chanjo. Jibu hilo likaingia kwenye ripoti, likasomwa redioni, likafika Kinshasa na Geneva, kisha likarudi kwetu kama vile limethibitishwa na sayansi.

Sayansi haikuthibitisha kitu cha namna hiyo. Nasema hili kwa hasira kwa sababu miaka imepita na bado nalisikia jibu lile lile kila ugonjwa unapozuka, iwe surua, kipindupindu au mpox. Ukaidi wetu umegeuzwa kuwa sababu ya ugonjwa, na waliougeuza hawakufanya kazi ambayo mwanaepidemiolojia anayejiheshimu huifanya kabla ya kutamka kwamba hiki kimesababisha kile.

Kazi hiyo si siri. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walipotaka kujua kama sigara inaleta saratani ya mapafu, hawakutosheka kuhesabu wavutaji miongoni mwa wenye saratani. Waliingia hospitali za London, wakawahoji wagonjwa wa saratani ya mapafu, kisha wakawahoji wagonjwa wengine waliolazwa kwa maradhi tofauti, wa jinsia moja na umri unaokaribiana, kwa maswali yale yale. Mwaka 1965 Hill akasimama mbele ya madaktari, akaeleza mambo 9 ya kuangalia kabla ya kuhama kutoka kwenye uhusiano wa takwimu kwenda kwenye sababu: uhusiano una nguvu kiasi gani, umeonekana na kwingine, nini kilitangulia nini, ugonjwa unapanda kadiri kinachotuhumiwa kinavyopanda, na mengineyo. Hakuyaweka kama sheria. Alitaka mtu ajiulize kwa moyo mweupe kama hakuna maelezo mengine yanayozifaa takwimu zake sawasawa au kuliko hayo aliyoyapenda.

Kwetu hilo halikuulizwa. Au liliulizwa kimya kimya na watafiti wachache, na sauti yao haikufika kwenye meza ya waandishi wa habari.

Tuuchukue utafiti unaotajwa zaidi katika kesi hii. Septemba 2018, Ebola ikiwa na mwezi mmoja tu tangu itangazwe, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Matokeo yakatoka mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola si kitu cha kweli. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao. Na wale wenye imani ndogo kwa taasisi walikuwa na uwezekano mdogo wa kusema wangekubali chanjo. Ni utafiti mzuri, na waandishi wake walitumia lugha ya uangalifu: walisema mambo haya yanahusiana.

Sasa angalia kilichotokea baada ya kuchapishwa. Utafiti uliouliza watu wanafikiri nini na wangefanya nini ukaanza kunukuliwa kana kwamba umepima nani aliambukizwa na kwa nini. Hakuna hata mmoja kati ya wale 961 aliyefuatiliwa ili ijulikane kama asiyeamini ndiye aliyeugua na anayeamini ndiye aliyesalimika. Walihojiwa mara moja, siku moja, basi. Picha ya siku moja haiwezi kukuambia lipi lilianza. Na kutoka kwenye nia ya kukataa chanjo hadi kwenye maambukizi kuna safari ndefu, na kila hatua ya safari hiyo ilihitaji ushahidi wake.

Halafu kuna jambo la tatu, lile ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kulitafuta. Tangu Oktoba 2014 watu wa wilaya ya Beni wanachinjwa. Wanauawa mashambani na vitongojini, wanauawa kwa mapanga, na serikali yenye jeshi na yenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kando yake haijaweza kuwalinda. Mtu aliyezika jamaa zake katika hali hiyo ana kila haki ya kutoamini kiongozi anayekuja kumwambia sasa tunajali uhai wako. Na mtu huyo huyo anaishi mahali ambapo timu ya chanjo haifiki, ambapo muuguzi amekimbia, ambapo mwenye homa anahama kijiji hadi kijiji akitafuta usalama. Mauaji yanazaa kutoamini. Mauaji hayo hayo yanazaa nafasi ya virusi kupita. Ukiyaacha mauaji nje ya hesabu, kutoamini na Ebola vitaonekana kama mtu na mwanawe, kumbe ni ndugu wa baba mmoja.

Na hili halihitaji kubuniwa, kwa sababu tuliliona kwa macho. Tarehe 22 Septemba 2018 waasi walishambulia mji wa Beni na kuua raia. Mji ukafungwa kwa maombolezo na maandamano. Timu za afya zikabaki ndani. Ufuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa, ambao ulikuwa unawafikia wengi sana kila siku, ukaanguka hadi kama asilimia 20 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani lenyewe. Kirusi kina siku 2 hadi 21 za kujificha mwilini. Ukiacha kuwatembelea waliokutana na mgonjwa kwa siku chache tu, umepoteza nyuzi ambazo hutazishika tena. Oktoba wagonjwa wa Beni wakaongezeka. Mwaka 2019 watafiti wakachapisha katika jarida la PNAS hesabu iliyoonyesha kwamba baada ya matukio ya vita, maambukizi yalikuwa yakipanda na chanjo ikipungua makali yake kwa kuchelewa kuwafikia watu. Hapo kuna mpangilio wa wakati, kuna njia inayoeleweka, na jambo limejirudia zaidi ya mara moja. Hivyo ndivyo madai ya sababu yanavyojengwa. Lakini ni mara ngapi ulimsikia ofisa akisema risasi ndizo zinazoeneza Ebola? Ukaidi wa mama wa mtaa wa Ndindi, Beni, ni rahisi zaidi kuushtaki kuliko panga la muuaji ambaye serikali imeshindwa kumkamata.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, maana lilikuwa wazi na likafunikwa.

Mchukue mtoto wa miaka 4 wa Beni, msimu ule wa mvua wa mwaka 2018. Usiku mwili unawaka. Alfajiri mama anamfunga mgongoni kwa kitenge, anakwenda kwenye zahanati ya mtaani, ile ya mtu binafsi, yenye chumba kimoja cha mbao, kitanda cha chuma na godoro la nailoni lililopasuka ubavuni. Muuguzi ni mtu mwema, anakopesha dawa. Glavu hana za kutosha. Jozi iliyopo anaiosha na kuianika dirishani. Anampima mtoto kwa mkono juu ya paji la uso, anamchoma sindano, anamtundikia dripu. Kwenye godoro hilo hilo jana alilala mtu mzima aliyetapika usiku kucha na kuondoka bila jina lake kuandikwa popote. Mtoto anapata nafuu ya malaria. Wiki moja na nusu baadaye homa inarudi, na safari hii si malaria.

Hilo si jambo la kukisia. Mwaka huo malaria ilipanda Beni kupita kiasi: mwezi Septemba 2018 mpango wa taifa wa kupambana na malaria ulikadiria ongezeko la hadi mara 8 kulinganisha na wakati kama huo mwaka uliotangulia. Watu waliofikishwa kwenye vituo vya Ebola kwa homa, hadi nusu yao walikutwa wana malaria tu. Mwishoni mwa Novemba ikaanzishwa kampeni ya siku 4 ya kugawa dawa na vyandarua kwa hadi watu 450,000 wa Beni, kwa lengo lililotamkwa la kupunguza homa zinazowapeleka watu kwenye vituo vya tiba. Marehemu Peter Salama, aliyekuwa mkuu wa dharura katika Shirika la Afya Duniani, alisema hadharani kwamba zahanati hizi za mtaani, zinazochanganya dawa za kienyeji na sindano za kizungu, zilikuwa kichocheo kikubwa cha Ebola ya Beni. Zaidi ya wahudumu wa afya 160 waliambukizwa katika mlipuko huo. Na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa wanawake, na watoto walikuwa wengi kuliko ilivyozoeleka.

Soma tena orodha ya waathirika. Wanawake. Watoto. Wauguzi. Kama ukaidi ndio ulioeneza Ebola, basi mtuambie kwamba wauguzi wa Beni ni wakaidi kuliko madereva wa pikipiki, na watoto wachanga wa Beni ni wakaidi kuliko baba zao. Orodha hiyo ni ya watu waliokwenda kutafuta tiba, waliowapeleka wengine kutafuta tiba, na waliowapa tiba. Walifanya kile ambacho kila tangazo la redio liliwaambia wafanye: ukiona homa, wahi kituo cha afya. Waliwahi. Kituo hakikuwa na maji ya bomba wala glavu.

Nijipime na mimi kwa kipimo kile kile ninachowapimia wengine. Mwanamke huambukizwa zahanati, lakini pia huambukizwa nyumbani anapomuuguza mume na kuosha maiti ya mama mkwe. Ili kusema kwa uhakika kwamba sindano ndiyo iliyobeba kirusi, sharti uwachukue wagonjwa, uwachukue na majirani wa umri wao wasiougua, kisha uwaulize wote kama walipita zahanati katika wiki 3 zilizotangulia. Malaria ikiwa imeenea vile, hata wasiougua Ebola wengi wangesema ndiyo. Tofauti kati ya makundi mawili ndiyo inayosema kitu. Hesabu ya kundi moja haisemi. Naitaka hesabu hiyo, na niko tayari kuikubali hata ikinipinga. Nisichokubali ni dhana ya zahanati kudaiwa ushahidi kwa kila senti, huku dhana ya ukaidi ikipita bila kuonyesha hata kitambulisho.

Tazama pia jinsi maswali yanavyoulizwa. Mgonjwa anapothibitishwa, mchunguzi anakuja na fomu: ulihudhuria mazishi? uligusa maiti? ulikutana na mgonjwa? ulikwenda kwa mganga wa kienyeji? ulitibiwa kituo gani? Ni maswali halali, na wanaoyauliza wengi ni vijana wetu wanaofanya kazi ngumu kwa uaminifu. Lakini Butembo na vitongoji vyake, mahali ambapo msiba wa jirani ni msiba wako, ni mtu mzima gani asiyekuwa amehudhuria mazishi ndani ya wiki 3? Ukimwuliza mgonjwa peke yake, atasema ndiyo, nawe utaandika: chanzo, mazishi. Ungemwuliza jirani yake mzima naye angesema ndiyo. Zaidi ya hapo, mgonjwa na jamaa zake wamekaa siku nyingi wakijiuliza ugonjwa umewatoka wapi. Wanakumbuka kila mkono walioshika. Mzima hana sababu ya kukumbuka. Mazishi yaliambukiza watu, hilo limethibitika tangu milipuko ya Ebola ya zamani. Ninachokataa ni kuandika mazishi kila penye nafasi tupu kwa kuwa ndilo jibu linalokuja haraka.

Wandugu wa mitaani msishangilie, kwa maana na sisi tulifanya kosa hilo hilo, na lilitugharimu roho za watu.

Tulisema: anayeingia kituo cha Ebola hatoki, kwa hiyo kituo kinaua. Tulihesabu majeneza yaliyotoka getini. Hatukuhesabu waliokufa kwa ugonjwa ule ule vyumbani mwetu, wala hatukuuliza aliyefia kituoni alifika siku ya ngapi. Wengi walifika wakiwa wamekwisha, baada ya kuzungushwa zahanati 2 au 3. Katika majaribio ya dawa yaliyofanyika kwetu ilionekana kwamba kila siku moja ya kuchelewa baada ya dalili kuanza iliongeza uwezekano wa kufa. Tulichoona getini kilikuwa matunda ya kuchelewa, tukakiita kazi ya kituo. Na waliotoka wakiwa hai, watu 1,171 kwa hesabu ya mwisho, walirudi nyumbani kwa miguu yao, kimya, bila king'ora wala msafara, kwa hiyo macho yetu hayakuwahesabu. Ndiyo maana naheshimu uamuzi wa shirika la ALIMA kuleta Beni vile vyumba vya plastiki inayoonyesha, ambapo mama alisimama nje akamwona mwanawe anakunywa uji, anainua mkono, analala, anaamka. Pale watu walipewa ushahidi wa kuangalia wenyewe, na uvumi ukapungukiwa mahali pa kusimama.

Tulisema tena: fulani alichanjwa Jumatatu, Ijumaa akaugua, basi chanjo ndiyo Ebola. Lakini chanjo ile ilitolewa kwanza kwa watu waliokwisha kukutana na wagonjwa. Baadhi yao walikuwa wamebeba kirusi tayari kabla ya sindano kufika. Kinga nayo inahitaji siku kama 10 kujijenga. Aliyeugua siku ya 4, kuna uwezekano mkubwa alikuwa ameambukizwa kabla ya Jumatatu. Jambo linalofuata jingine kwa tarehe halijawa mtoto wake.

Na wakati hesabu hizo mbovu zikizagaa, kuna watu walichoma vituo vya Katwa na Butembo Februari 2019. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu cha Butembo wakamuua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, mwanaepidemiolojia aliyeiacha familia yake aje kutafuta chanzo cha vifo vyetu. Hakuna hoja katika makala hii inayowaosha mikono wauaji wake. Sababu ya kosa si msamaha wa kosa.

Lakini mwenye kompyuta, mwenye bajeti na mwenye shahada ana dhima kubwa kuliko mama wa sokoni. Mama alihesabu alichokiona. Ofisi ilikuwa na daftari zima na ikachagua ukurasa mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kura. Tarehe 26 Desemba 2018, siku 4 kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na usalama. Zaidi ya wapiga kura milioni moja wakawekwa kando, na Rais mpya akaapishwa Januari bila sauti zao. Kwamba mistari ya wapiga kura ingeeneza Ebola kupita soko na kanisa, vilivyokuwa wazi siku zile, nani alilinganisha? Tarehe 30 Desemba watu wa Beni wakajipanga wenyewe, wakanawa mikono kwenye ndoo za maji yenye klorini, wakapiga kura yao ya ishara kwa utulivu. Siku chache kabla, tarehe 27, waandamanaji wenye hasira walikuwa wameshambulia kituo cha kupokea wanaoshukiwa Ebola. Miezi iliyofuata Katwa na Butembo zikawa kitovu cha ugonjwa. Najua ninavyovutwa kuandika kwamba kura iliyofutwa ndiyo iliyowasha moto wa Katwa. Siandiki hivyo, kwa sababu sina mji wa kulinganisha, mji mwingine kama Butembo ulioachiwa kura yake. Naandika hili tu: Tume nayo haikuwa na mji huo, lakini ilitamka, na kwa tamko hilo ikawathibitishia watu kwamba Ebola inatumika kisiasa.

Vivyo hivyo sitasema kwamba uchafu wa kingono uliofanywa na baadhi ya watu wa Riposte, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, ndio ulioleta kutoamini kulikopimwa Septemba 2018, kwa kuwa sehemu kubwa ya hayo ilitendeka baadaye. Tume huru iliyotoa ripoti tarehe 28 Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83, 21 kati yao wakiwa watumishi wa Shirika la Afya Duniani. Kama yapo yaliyofuata ambayo uchafu huo uliyasababisha, yachunguzwe kwa mpangilio wa tarehe. Wanawake wale wanastahili ushahidi unaosimama.

Wapo watakaosema ninadai mambo yasiyowezekana vitani. Uongo. Yaliwezekana, na yalifanyika hapa hapa.

Mwaka 2018 kulikuwa na dawa 4 za kujaribiwa na hakuna aliyejua ipi inaponya. Njia nyepesi ilikuwa kumpa kila mgonjwa ile ambayo daktari anaipenda, kisha kuhesabu waliopona. Lakini daktari humpa aliyezidiwa dawa anayoiamini zaidi, na dawa hiyo itaonekana inaua. Kwa hiyo kuanzia Novemba 2018 wagonjwa waliokubali walipangiwa dawa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo la PALM, lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na watafiti wa Marekani, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Agosti 2019 jibu likawa wazi kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema. Waliopewa ZMapp, dawa ambayo wengi waliitegemea, walikufa karibu nusu. Waliopewa remdesivir, zaidi ya nusu. Waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35, na REGN-EB3 asilimia 34 hivi. Dunia nzima sasa inatibu Ebola ya aina hii kwa elimu iliyopatikana katika mahema yetu, na mAb114 yenyewe ilitokana na kingamwili ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Watu 681, wao au jamaa zao, walisikiliza maelezo ya bahati nasibu wakiwa na homa, wakiwa na hofu, wakasema ndiyo. Hao ndio wakaidi wenu. Na zaidi ya watu 300,000 walionyoosha mkono kuchanjwa, nao ni wakaidi?

Chanjo nayo ina somo lake. Aprili 2019 ilitangazwa kwamba inakinga kwa asilimia 97.5. Hesabu hiyo ya awali ilitegemea kukadiria ni wangapi wangeugua kama wasingechanjwa. Baadaye watafiti walirudi kwenye madaftari ya vituo, wakachukua zaidi ya watu 26,000 waliopimwa Ebola baada ya kushukiwa, wakalinganisha waliokutwa nayo na wasiokutwa nayo: wangapi katika kila kundi walikuwa wamechanjwa siku 10 au zaidi kabla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalisema asilimia 84. Ni kinga kubwa sana, na ni tarakimu ninayoweza kuitetea mbele ya mama yeyote wa Butembo, kwa sababu naweza kumwonyesha ilikotoka. Tungepewa maelezo ya namna hii tangu mwanzo, yule aliyeona jirani aliyechanjwa anaugua asingedhani amedanganywa.

Na maabara ilitupa zaidi. Ebola ya Équateur ilitangazwa kwisha tarehe 24 Julai 2018. Wiki moja baadaye Mangina ikatangazwa. Kila mtu angesema msafiri ameileta. Wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wakasoma vinasaba vya kirusi, wakaona si mnyororo ule. Ni mwingine kabisa. Februari 2021 Ebola ikarudi Biena, karibu na Butembo, ikaua watu 6 kati ya 12 walioambukizwa. Oktoba mwaka huo ikaonekana Butsili, Beni. Vinasaba vikasema safari hizi ni kirusi kile kile cha 2018 hadi 2020, kilichokuwa kimebaki ndani ya mwili wa binadamu aliyepona. Tarehe zilidanganya mara ya kwanza. Ukaribu wa mahali ungeweza kudanganya mara ya pili. Kipimo kikaamua.

Hapo tena kuna hatari mpya, na naiona inatambaa mitaani. Watu wanasema: waliopona ndio chanzo. Ni kweli kulikuwa na mgonjwa mmoja aliyetibiwa, akapona, ugonjwa ukamrudia baada ya miezi kadhaa, na mnyororo ulioanzia kwake ukafikia watu 91. Lakini yeyote anayelitaja tukio hilo bila kutaja kwamba waliopona ni watu 1,171, na kwamba karibu wote wanalala na wake zao na waume zao, wanalima, wanapika, bila kumuambukiza mtu, anafanya dhambi ile ile ya kuhesabu namba ya juu ya sehemu na kuiacha ya chini. Manusura wa Ebola anayenyimwa nyumba ya kupanga Beni leo anaadhibiwa na sehemu ambayo haikuandikwa kamili.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wa Wizara, wa zoni za afya na wa mashirika. Ugonjwa mwingine utakuja. Tayari umekuja mara kadhaa. Kabla hamjaketi mbele ya redio zetu kutangaza chanzo, njooni na majibu ya maswali haya kwa Kiswahili na kwa Kinande. Waliougua walilinganishwa na nani? Kipi kilitangulia, kwa tarehe? Mauaji, malaria na njaa vimewekwa wapi katika hesabu? Zahanati ambazo mgonjwa alipitia ni zipi, na zilikuwa na glavu ngapi? Wekeni majibu hayo ukutani kwenye kila kituo cha afya, muuguzi ayasome, mwalimu ayasome, mchungaji ayasome Jumapili. Mkiwa hamna, semeni bado hatujui. Hakuna mtu wa Butembo atakayewapiga mawe kwa neno hilo.

Nanyi wasomaji wangu, mkisikia tena kwamba mnakufa kwa sababu ya ukaidi wenu, simameni kwenye mkutano huo huo muulize: mmetulinganisha na nani?